Bwana Bei na Shubiri ya Serikali

Shida yangu ilianza mwaka 1969, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mwaka huo mume wangu alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Zambia, akaniachia watoto wawili, jembe moja na ahadi ya barua. Barua ilikuja moja. Ilisema amefika salama. Nyingine sijaipata mpaka leo, na siisubiri, maana naona hata stempu zimekuwa ghali.

Nilikuwa na darasa la pili. Nilijua kuandika jina langu na kujumlisha. Kutoa nilijifunzia sokoni. Shamba la mahindi walilichukua shemeji zangu, wakasema mwanamke asiye na mume halimi ekari mbili. Kilichobaki ni kipande nyuma ya nyumba, mama mkwe alikopanda tumbaku yake ya kuvuta mwenyewe. Nikavuna, nikakausha juu ya moshi wa jikoni, nikaisokota kamba nene kama alivyonionyesha yule bibi, nikaibeba kichwani mpaka sokoni Mlowo. Nikapata kizimba. Sikupelekwa na mtu wala sikushikwa mkono, na anayedai alinisaidia wakati ule aje aseme mbele yangu.

Lakini leo sijiandiki mimi. Namwandika mtu mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka kumi angeweza kunifungia kizimba asubuhi yoyote akiamka vibaya, na watoto wangu wakalala njaa. Tulimwita Bwana Bei. Jina lake nalijua, na kwao nakujua, ila sitaandika. Ana wajukuu, wana heshima zao.

Kazi yake ilikuwa kukagua bei. Siku hizo serikali ndiyo iliyopanga bei ya kila kitu, kuanzia sabuni, kiberiti, jembe, mpaka sindano ya kushonea. Bei zote zilikuwa kwenye karatasi zilizopigwa taipu, naye alizibeba kwenye mkoba aliojishonea kwa mpira wa ndani wa tairi la lori, ili mvua isizilowanishe. Karatasi zile aliziita Orodha. Mvua ikimkuta njiani alivua koti akafunika mkoba, akafika amelowa yeye, Orodha kavu.

Alikuwa mfupi, mkavu, na mikono midogo kama ya mtu wa kushona nguo za watoto. Shati lake lilifungwa vifungo mpaka shingoni. Alipokuja sokoni hakusalimia kwanza. Alisimama mbele ya meza yako, akafungua mkoba, akalowanisha kidole, akatafuta ukurasa, akausoma kimya midomo ikicheza, ndipo akainua macho na kusema, "Habari za asubuhi, mama." Ukisikia salamu ujue umepona.

Rushwa hakula. Hilo niliandike wazi, maana wapo waliokula mpaka wakavimba. Yeye alikonda. Baiskeli yake haikuwa na kengele, kwa sababu kengele kwenye Orodha ilikuwa na bei, dukani haikuwepo, na ile ya mlango wa nyuma ilikuwa na bei nyingine. Akakataa. Akawa anaendesha baiskeli huku anapiga kelele kwa mdomo, "Kengele! Kengele!" Wageni kutoka Vwawa walidhani ni mtu aliyerukwa na akili anauza kengele. Mmoja alimsimamisha akamwuliza anaziuza ngapi. Bwana Bei akashuka, akafungua Orodha, akamtajia bei halali, akapanda, akaendelea na safari.

Nyumbani kwake nilikunywa chai mara mbili, siku za misiba. Mkewe alikuwa mpole, sijui alimpata wapi. Alileta vikombe, kisha Bwana Bei akasema, "Sukari kilo moja ni bei fulani," akaitaja mpaka senti, na tukanywa chai isiyo na sukari. Kila mgeni alitajiwa. Ilikuwa kama anatutilia ile bei ndani ya kikombe tukoroge.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Kisicho na bei si bidhaa." Aliusema kama mchungaji anayefunga sala. Mwingine ni: "Mimi sipangi, mimi nasoma." Ukimlilia, anasema anasoma tu. Ukimtukana, hivyohivyo.

Sasa, huyu mtu alipenda kuvuta. Alipenda kupita kiasi. Na hapo ndipo balaa lake na langu vilipokutana.

Sigara ilikuwa kwenye Orodha. Bei yake ilikuwa nzuri sana, nafuu, ya mkulima kabisa, na kwa sababu ilikuwa nzuri hivyo hatukuziona hizo sigara. Zilipotoka Mbeya ziliishia njiani kwa wenye bei mbaya. Chache zilizofika duka la kijiji, mwenye duka hakuzitoa hivihivi. Ukitaka pakiti moja, unanunua na kopo moja la dawa ya viatu. Dawa ya viatu ilikuwa imemdodea dukani, na Mlowo yote wenye viatu vya ngozi walikuwa watu wanne, mmoja wao kiwete wa mguu mmoja. Wavutaji wakanunua. Ukiingia kwa mvutaji wa kweli siku hizo unakuta makopo ya dawa ya viatu yamepangwa ukutani kama vile anatunza jeshi zima.

Watu walimlilia Bwana Bei akomeshe mchezo huo. Akaenda dukani, akafungua Orodha, akasoma. Akatoka nje akatangaza: "Bei ya sigara ni sahihi. Bei ya dawa ya viatu ni sahihi. Hakuna palipoandikwa visiuzwe pamoja." Mwenye duka akacheka mpaka akashika nguzo. Bwana Bei mwenyewe alivaa makatambuga ya tairi, akaona kununua dawa ya viatu ni ubadhirifu. Kwa hiyo mkaguzi wa bei akawa mvutaji pekee Mlowo asiye na sigara wala dawa ya viatu.

Akaanza kuja kwenye kizimba changu.

Sisi wauzaji wa tumbaku tulikuwa na desturi ya kuonjesha. Mzee akija, unakata kipisi, unamsokotea kwenye gazeti, anavuta pale pale asikie ukali wake kabla hajanunua. Saa nne asubuhi kizimba changu kilikuwa na wazee watano sita wanafuka kama tanuri la matofali. Bwana Bei alikuja na mkoba wake kwapani akasimama upande unakoelekea upepo. Pua imeinuliwa, macho yamefumbwa nusu. Moshi ukigeuka, naye anageuka. Nikamwuliza anafanya nini.

"Nakagua," akasema.

Alikagua hivyo kila siku kwa miezi. Siku moja nikachoka.

"Bwana Bei, si uchukue kipande tu?"

"Bure?"

"Bure."

"Hiyo ni rushwa, mama."

"Basi nunua."

"Kwa bei gani?" Akapiga piga mkoba wake. "Haimo."

"Kwa hiyo wanayolipa wenzio."

"Wanalipa ngapi?"

"Inategemea mkono."

Akafumbua macho yote mawili. Nikamweleza. Tumbaku yetu ya kamba tuliipima kwa shubiri, na shubiri ni ya mnunuzi. Mteja anatandaza mkono wake juu ya kamba, kuanzia kidole gumba mpaka cha mwisho, nami nakata hapo. Ila kabla hajatandaza namwangalia kwanza ule mkono, ndipo nataja bei. Mwenye mkono mkubwa analipa zaidi, mwenye mkono mdogo analipa pungufu. Tangu bibi zetu ni hivyo, na sijaona watu wakipigana.

"Yaani bei inatoka kwenye mkono wa mtu?" akasema.

"Kama kiatu kinavyotoka kwenye mguu."

"Kiatu kina namba!" Akawa amekasirika kweli. "Mama Eliza, hii siyo biashara, hii ni ramli!"

Wazee wakacheka. Yeye akapanda baiskeli yake, kengele, kengele, akaenda kuandika barua Mbeya kuomba tumbaku ya kusokota iwekewe bei. Najua aliandika kwa ajili ya nchi. Najua pia aliandika apate kuvuta. Sikuona dhambi hapo, ila angeniuliza kwanza.

Jibu lilikuja baada ya msimu mzima wa mahindi. Lilisema: tumbaku ya kusokota, shubiri moja, senti hamsini. Akaja nalo akikimbia, baiskeli kaiacha. Akalisoma mbele ya soko zima, akaweka senti hamsini juu ya meza yangu, akatandaza kile kimkono chake, nikakata. Akasokota. Akavuta. Machozi yakamtoka, nadhani ni ya moshi. "Sasa ni bidhaa," akasema, na akanisalimia mara ya pili siku hiyohiyo.

Wiki moja tulikaa kwa amani. Kisha wateja wangu wakapotea.

Akawa anakuja mtu mmoja tu. Alikuwa mpasua mbao kutoka upande wa Ileje, tulimwita Fundi, na mkono wake ulikuwa kama ungo. Akiutandaza juu ya kamba ni kama ametandika mkeka. Bei ni moja, senti hamsini, sheria imesema. Watu wote wenye mikono ya kawaida wakagundua kwamba kujinunulia wenyewe ni ujinga. Wakamtuma Fundi. Alilipwa kwa kuvuta: kila aliyemtuma alimpa mivuto miwili. Akaacha kupasua mbao. Msumeno ukashika kutu. Asubuhi anakuja na orodha yake kichwani.

"Fundi, leo umetumwa na nani?" wanawake wa nyanya wanamwuliza.

"Leo nina wazee saba na mchungaji mmoja."

"Mchungaji anavuta?"

"Mimi natoa mkono tu, mama. Sijamwuliza anaipeleka wapi."

"Na mkeo anakupikia nini siku hizi, moshi?"

"Mke wangu anasema tangu nioe sijawahi kuwa na kazi ya maana kama hii."

Nilikuwa nauza kamba ya siku tano kwa siku moja, na fedha ni ileile. Nikampeleka Bwana Bei pembeni.

"Shubiri ni ipi?" nikamwuliza.

"Shubiri ni shubiri."

"Yako au ya Fundi?"

Akatandaza mkono wake akautazama. Nadhani ndiyo siku ya kwanza aliuona. Kisha akamtazama Fundi aliyekuwa mbali anajipangusa majasho na kile kiganja kilichofunika uso wote na sehemu ya kichwa. Bwana Bei akafunga mkoba. Akaondoka. Nikafurahi, nikadhani amenielewa. Nilikuwa mjinga.

Baada ya siku nne akarudi na kijiti cha mninga kilicholainishwa vizuri, kimepigwa muhuri wa kata ncha zote mbili. Hiyo ndiyo shubiri ya serikali. Aliipima kwenye mkono wa Fundi.

"Kwa nini mkono wake?" Nilipiga kelele, sifichi.

"Nikitumia wangu watasema nimependelea wauzaji. Nikitumia wako, wewe ni mwenye mali. Huyu ni mkulima na mfanyakazi."

"Huyu ameacha kazi!"

"Aliacha juzi," akasema. "Mkono aliupata zamani."

Akaning'iniza kijiti kwenye nguzo ya kizimba changu kwa uzi. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, kwamba nikikataa kuuza kwa kipimo hicho na bei hiyo atafunga kizimba na nafasi atapewa mwingine. Usiku huo sikupiga hesabu, sikuhitaji. Kwa kijiti kile nilikuwa nagawa tumbaku, siuzi. Wanangu walikuwa wawili, na mama mkwe wa tatu, maana wanawe walinitupia baada ya kuchukua shamba.

Nikakaa chini nikaitazama ile sheria vizuri. Urefu uliandikwa. Bei iliandikwa. Unene haukuandikwa.

Nikaanza kusokota nyembamba. Kwanza kama kidole, kisha kama penseli, kisha kama kamba ya viatu. Wauzaji wote Mlowo wakaniiga, na hadi Igamba nasikia walifanya hivyo. Bwana Bei akaja akapima. Urefu sawa. Bei sawa. Akasimama akiitazama ile kamba kama mtu aliyeletewa mtoto ambaye hafanani naye. Akaweka senti hamsini, akachukua shubiri yake ya serikali, akasokota yote kwenye gazeti, akawasha. Iliisha kabla hajamaliza kuniuliza habari za watoto.

"Hii haitoshi hata kukohoa," akasema.

"Mimi sipangi, Bwana Bei. Mimi nasokota."

Nilijiona nimeshinda. Lakini wateja si wajinga, na mvutaji aliyenyimwa moshi atatafuta tundu lingine. Wakahamia kwenye ugoro. Ugoro ni tumbaku iliyosagwa, unaivuta puani, na kwetu ulikuwa wa bibi vikongwe. Haukuwemo kwenye Orodha. Nikasaga nikauza kwa kukadiria, kama zamani, na vyombo vya kuutilia watu walikuwa navyo tayari, yale makopo ya dawa ya viatu. Wanaume wazima, viongozi wa nyumba kumi, wakawa wanatembea na makopo ya dawa ya viatu mfukoni, pua nyeusi. Sijui walikuwa hawayaoshi.

Ukafika mkutano wa kuhimiza kilimo cha kahawa. Katibu kata alisimama juu ya meza. Wanaume mia na ushee chini. Ugoro unataka uzoefu, na wale walikuwa na uzoefu wa wiki mbili. Katibu akasema, "Ndugu wananchi," mtu mmoja akapiga chafya. Akasema tena, wakapiga watatu. Kisha ikawa kama moto wa nyasi, ukizima huku unawaka kule. Katibu akafikiri ni mgomo. Akapaza sauti, "Nani anayewatuma?" Wakajibu kwa chafya, wote kwa pamoja, mpaka kuku wa mwenye duka wakaruka ukuta. Mwisho Bwana Bei, ambaye alikaa mbele na Orodha yake magotini, akasimama kuwatuliza, akainua mkono, akafungua mdomo, akapiga chafya kubwa kuliko zote. Kahawa haikuhimizwa siku hiyo.

Kesho yake ugoro ukapigwa marufuku sokoni kwa kuzorotesha maendeleo. Bwana Bei ndiye aliyeleta tangazo. Pua yake ilikuwa bado nyekundu.

Basi nikabaki na kamba nyembamba ambayo hakuna aliyeitaka. Watu wakiniuliza kwa nini niliingia kwenye magendo, nawaambia hivi: walinifungia mlango wa mbele, wa nyuma na dirisha, nikapita darini. Nikapanda lori la Mwarabu mmoja mzee aliyekuwa akipeleka mahindi Tunduma, nikashuka pale mpakani. Ng'ambo ya pili wanawake wa Zambia walikuwa wamekaa na sigara za pakiti zinazong'aa.

"Mulishani, mayo," mmoja akanisalimia, na tukaelewana kabla sijajibu. Biashara haina darasa.

Nikaleta. Mara ya kwanza pakiti kumi, mara ya pili mabunda mawili ndani ya gunia la mahindi. Niliuza mojamoja, bei nikapanga mimi. Na hapa nasema jambo nililolishika kwa mikono yangu. Watu waliokuwa wakilia kwamba senti hamsini ni nyingi kwa tumbaku yangu, watu hao hao walinilipa shilingi mbili kwa sigara moja ya Zambia, tena kwa kunong'ona na kunishukuru. Mtu hanunui rahisi wala ghali. Ananunua kilichopo. Siku hizi wameandika kwenye pakiti kwamba inaua. Zamani iliandikwa bei tu, na bado hatukuiona.

Bwana Bei alijua. Moshi wa sigara na wa tumbaku yetu haufanani, na pua yake ilikuwa imesoma kuliko mimi. Alikuja, akasimama upande wa upepo, akainua pua, akaishusha. Mkoba hakuufungua. Ila tangu siku hiyo hakusimama tena kwenye moshi wa kizimba changu. Aliweka senti zake hamsini, akachukua ule uzi wangu wa tumbaku, akaenda kuuvutia mbali, karibu na machinjio, penye harufu mbaya.

Mwaka 1983 ukaja msako wa walanguzi. Nchi nzima walitafutwa wenye bidhaa za magendo. Watu walitupa sabuni mtoni, mto ukatoa povu siku mbili. Mimi sikutupa. Mgambo walifika Mlowo saa tano asubuhi na kamanda wao, mgeni, mrefu, amevaa buti. Wakamwaga gunia langu la mahindi katikati ya soko, yakatoka mabunda mawili ya sigara.

"Mlanguzi huyu!" kamanda akasema. "Mhujumu! Mama mzima, huoni haya?"

"Haya naona. Ada ya shule ndiyo siioni."

"Funga mdomo. Utayasema Vwawa."

Waliopelekwa Vwawa wakati huo, wengine walipitiliza jela Mbeya, na vizimba vyao waligawiwa watu kabla ya jua kuzama. Nilimwona mwanamke wa nyanya anakitazama kizimba changu kwa kukipima. Kamanda akatoa fomu. Ilikuwa na mahali pa jina, mahali pa bidhaa, na mahali pa bei halali ya serikali. Akaita mkaguzi wa bei aje kuijaza.

Bwana Bei akaja. Akachuchumaa, akachukua pakiti moja, akaigeuza, akaisoma kila upande. Akafungua mkoba. Akalowanisha kidole. Akapitia Orodha ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Akarudia tena kutoka mwanzo. Kamanda akabadilisha mguu.

"Haimo," Bwana Bei akasema.

"Andika bei ya sigara."

"Ya sigara ipi?"

"Yoyote! Ya hizi zetu."

"Hizi siyo zetu. Siwezi kukipa kitu bei ya kitu kingine. Hapo nitakuwa mimi ndiye mlanguzi."

"Mzee, hii ni sigara. Mimi naiona!"

"Unaona majani ndani ya karatasi. Kisicho na bei si bidhaa."

"Sasa nimekamata nini?"

Bwana Bei akaitazama ile fomu muda mrefu, akafuata mstari kwa kidole. "Kwa mujibu wa Orodha," akasema, "hujakamata."

Watu wakaanza kucheka, kwanza nyuma, kisha mbele. Kamanda akanitazama, akamtazama Bwana Bei, akaitazama fomu yenye nafasi tupu. Bila bei haikupokelewa Vwawa, hilo hata yeye alilijua. Akaichana. Mgambo wakayabeba mabunda yote mawili wakaenda kukaa kivulini kwa mwenye duka, na kwa kuwa hapakuwa na kitu, walivuta hicho kisichokuwepo mpaka kikaisha.

Kizimba kikabaki changu.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi sijui nilifanyeje. Siku ya tatu nilimfuata nikamwuliza, "Bwana Bei, ulinisaidia?" Akakasirika kuliko siku ya ramli. "Mimi simsaidii mtu! Haikuwemo!" Akaongeza kwamba ameshaandika Mbeya kuomba sigara za Zambia ziwekewe bei, ili safari nyingine nikamatwe vizuri. Na najua aliandika kweli, maana barua hiyo ndiyo iliyomponza. Wakubwa waliisoma wakadhani anawadhihaki. Wakamhamishia huko Chitete, sehemu isiyokuwa na duka hata moja. Alikaa kule na Orodha yake akikagua hewa, kisha wakampunguza kazi.

Nilimwona mara ya mwisho mwishoni mwa mwaka 1985. Mambo yalikuwa yameanza kulegea. Sabuni ilirudi, sigara zilirudi, kila mtu anauza anavyoona. Mimi nilikuwa nimehama kizimbani, nina duka lenye mlango na kufuli. Akaja kwa miguu. Amekonda zaidi, shati bado limefungwa mpaka shingoni. Mkoba hakuwa nao, na mkono wake ulikaa kwapani kama vile ungalipo. Hakujua aanzie wapi. Akatazama rafu zangu zote, moja moja, midomo ikicheza.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, Bwana Bei. Karibu."

"Tumbaku ya kusokota, fundo moja, bei gani?"

"Shilingi tano."

"Kwa mujibu wa nani?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo miaka kumi na sita.

"Kwa mujibu wangu," nikasema.

Nilidhani nitafurahi kuliko nilivyofurahi. Akatazama chini, akatazama tumbaku, akaibinya kwa vidole vyake vidogo.

"Nasikia siku hizi bei inazungumzwa," akasema.

"Inazungumzwa."

"Basi na mimi nizungumze." Akajinyoosha, akakohoa, kama mtu anayesimama mbele ya mkutano. "Shilingi sita."

"Bwana Bei, mnunuzi anashusha."

"Kwa nini nishushe? Kusokota siku mbili. Kukausha wiki tatu. Kuni. Gunia. Kodi ya duka. Na umeisokota nene, naona. Tano ni hasara, utafunga duka. Sita."

"Tano na nusu," nikasema, na nikashangaa kujisikia.

"Sita, mama. Hapo sishuki."

Mteja mwingine aliyekuwa nyuma yake alitutazama, akatoka kimya. Tukavutana kidogo, mimi nashuka, yeye anapanda, mpaka nikachoka. Akaweka shilingi sita juu ya meza, zimehesabiwa tayari. Nadhani alikuja nazo hivyo kutoka nyumbani. Nilizichukua. Mimi ni mfanyabiashara. Akasokota kwenye gazeti, akavutia mlangoni pangu taratibu, nami nikasimama upande wa upepo mpaka akamaliza.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati la migongo mipana. Duka moja Mlowo, na jingine Tunduma, analisimamia mwanangu Eliza. Ekari sita za kahawa. Ekari tatu za mahindi, mbili kati ya hizo ni zile za shemeji zangu, nilizinunua kwao. Mashine moja ya kukoboa. Cherehani mbili, moja mbovu. Ng'ombe watano, mmoja ana mimba.